Fundi anataka kutundika hita ya gesi ndani ya bafu letu dogo

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada kabla hatujatoa pesa. Mimi, mume wangu na mtoto wetu wa miaka 3 tunaishi katika nyumba ndogo ya mbao, mita 3 kwa 6. Ni chumba kimoja chenye jiko pembeni na bafu mwishoni. Bafu lenyewe ni mita 1 kwa mita 1 na nusu, na lina kidirisha kimoja cha juu ambacho msimu wa baridi tunakifunga. Sinki la jikoni liko upande wa pili wa ukuta wa bafu.

Maji yanatoka kwenye tangi la nje lililo juu ya mnara, na kitako chake kiko kama mita 2 juu ya shawa. Bomba ni la nusu inchi mwanzo hadi mwisho, mita 9. Nilipofungua kichwa cha shawa na kukinga, ndoo ya lita 10 ilijaa kwa dakika 2 na nusu. Asubuhi za baridi maji yanasoma nyuzi 18. Umeme wetu ni wa volti 230, na breka kuu ya nyumba nzima imeandikwa 20.

Tumependekezewa vitu vitatu: shawa ya umeme ya kilowati 5.5, hita ya gesi ya lita 6, au hita ya tangi ya lita 15 au 30. Mume wangu anapenda ya gesi kwa sababu maji yake hayaishi. Fundi anasema ataitundika bafuni karibu na shawa, na kwamba kidirisha kile kinatosha. Mimi moyo haujatulia.

Tuchukue ipi? Kama ni tangi, lita 15 hazitoshi? Pia jirani ana hita ya tangi inayodondosha maji kwenye vali kila siku. Je, huo si ubovu? Na ni kweli kwamba kuiacha imewaka kutwa ni nafuu kuliko kuizima na kuiwasha?

Msomaji wa nyumba ndogo

JIBU

Dada yangu,

Wengi hununua kwanza wakapima baadaye. Wewe umepima kwanza, na namba zako zinatosha kutoa jibu bila kubahatisha. Chukueni hita ya tangi ya lita 30 yenye elementi (chuma cha ndani kinachopasha maji) ya kilowati 1.5, na ifungwe upande wa jikoni. Ile ya gesi isiingie bafuni, hata kwa kujaribu siku moja. Naanza na hiyo kwa sababu ndiyo inayoweza kuua.

Bafu lenu, dari ikiwa mita 2.2, lina hewa ya mita za ujazo 3.3 tu. Hita ya lita 6 huunguza gesi ya kilowati 12 hivi, na moto wa aina hiyo unataka karibu mita 1 ya ujazo ya hewa kwa kila kilowati kwa saa. Mtu akioga dakika 8, moto umekwisha kula kama mita 1.6 za ujazo, karibu nusu ya hewa yote ya chumba, na unarudisha moshi na mvuke humo humo anamovuta pumzi. Oksijeni ikipungua, gesi haiungui yote, na hapo ndipo inapozaliwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Huishika damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu huanza kuumwa kichwa, kisha kizunguzungu na kichefuchefu, kisha miguu inalegea. Anapofikiria kufungua mlango, mara nyingi nguvu ya kuufungua hana tena. Mtoto mdogo huzidiwa kabla ya mtu mzima.

Kidirisha hakiwezi kuwa kinga. Kiko juu tu, na hewa safi haiingii vizuri kama hakuna tundu la chini la kuiingiza. Zaidi ya hapo, mnakifunga wakati wa baridi, yaani saa zile zile ambazo hita itafanya kazi kwa muda mrefu. Fundi anaweza kusema ataweka bomba la kutolea moshi. Katika nyumba ndogo iliyozibwa vizuri hata bomba hilo lina mtego: feni ya jikoni au ya bafuni ikiwashwa, huvuta hewa kutoka popote inapoipata, na njia rahisi inaweza kuwa kuurudisha moshi wa hita chini kupitia bomba lile lile.

Hita ya gesi inafaa kwenye nyumba ndogo kwa namna mbili tu. Ya kwanza ni ile iliyotengenezwa kukaa nje, ikatundikwa ukutani nje mbali na dirisha na mlango. Ya pili ni ile iliyofungwa kabisa, inayovuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba lake maalumu. Ya ndani ya kawaida haigeuki kuwa ya nje kwa kuwekewa kibanda cha bati. Upepo huipulizia moto na mvua huoza swichi zake. Mtungi nao ukae nje, umesimama wima, mbali na mfereji au shimo lolote, kwa kuwa gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hujikusanya chini.

Kwenu kuna kikwazo kingine, presha. Mita 10 za kimo cha maji ndizo zinazotoa bari 1, hivyo mita zenu 2 ni bari 0.2. Hita nyingi za gesi za lita 6 hungoja maji yapite lita 2.5 hivi kwa dakika ndipo ziwashe moto, na nyingi huandikwa presha ya chini kabisa ya bari 0.2 au zaidi kidogo. Mna lita 4 kwa dakika bomba likiwa wazi. Ukiongeza upinzani wa hita na wa kichwa cha shawa, mnaweza kushuka hadi 2.5 au 3, pale pale mpakani. Matokeo yake mnayajua hata kabla ya kuinunua: inawaka, inazima, umejipaka sabuni, inagoma. Watu hubadilisha betri za kuwashia mara tatu kabla ya kugundua kwamba tatizo ni mnara mfupi.

Shawa ya umeme tuimalize haraka. Kilowati 5.5 kwa volti 230 ni ampea 24, na breka yenu ni 20. Isingeruka papo hapo, ingevumilia kwa muda halafu ikate, na kila siku waya za ndani zingepikwa. Fundi akikuambia dawa ni kuweka breka kubwa zaidi juu ya waya zile zile, mkatalie. Breka ipo kuulinda waya, na ukiikuza bila kuukuza waya umeondoa ulinzi wenyewe, tena ndani ya kuta za mbao.

Hata umeme ungekuwepo, hesabu yake ni hii, na inafaa kwa hita yoyote ya papo kwa papo: lita kwa dakika, mara nyuzi unazotaka kupandisha, mara 0.07, unapata kilowati. Kutoka nyuzi 18 hadi 40 ni nyuzi 22. Kilowati 5.5 ukigawa kwa 22 na kwa 0.07 unapata lita 3.6 kwa dakika. Ni shawa nyembamba, na ukiongeza maji yanakuwa vuguvugu. Kwa hiyo unapoona hita ndogo ya umeme ya kilowati 3.5 ikisifiwa kwa kuoga, ujue kwa maji ya nyuzi 18 ni lita 2.3 tu kwa dakika. Inafaa kunawia mikono.

Sasa tangi. Faida yake kwenu ni kwamba linakusanya joto polepole kwa umeme mdogo. Kilowati 1.5 ni ampea 6.5 tu. Lita 30 kutoka nyuzi 18 hadi 60 zinahitaji kama uniti 1.5, yaani saa moja ya kuwaka. Maji ya nyuzi 60 hayaogeki, lazima yachanganywe na ya baridi, na kwa hesabu ya karatasini lita 30 hizo zinatoa lita 57 za nyuzi 40. Lakini maji ya baridi yanayoingia chini hujichanganya na ya moto kadiri unavyotumia, basi hesabu asilimia 80, lita 45. Kwa mwendo wenu wa lita 4 kwa dakika ni dakika 11. Mtu mmoja aoge dakika 5, mwingine 5, na ndoo ndogo ya mtoto ikingwe mwanzoni kabisa kabla hamjaanza kuoga ninyi, tangi likiwa bado limejaa.

Lita 15 zinatoa nusu ya hapo, kama lita 22, dakika 5 na nusu. Kwa mtu mmoja mwenye haraka zinatosha. Kwa watu watatu mtagombana. Kitu kingine ambacho wauzaji hawakisemi ni kwamba elementi ya hita ya lita 15 mara nyingi ni ile ile ya kilowati 1.5 au 2, kwa hiyo ukichagua dogo hupunguzi mzigo kwenye breka. Unapunguza maji tu. Kama nafasi ndiyo shida, pimeni kabla ya kununua: tangi la lita 30 lina unene wa sentimita 35 hadi 40 hivi, nalo linahitaji nafasi chini yake ya mabomba na vali.

Upande wa jikoni una faida mbili. Waya hauingii bafuni kabisa, na katika bafu la mita 1 huwezi kupata ukuta ulio mbali na maji. Kanuni zinazofuatwa sehemu nyingi zinataka vifaa vya umeme vikae angalau sentimita 60 nje ya eneo la kuogea. Faida ya pili ni ufupi wa bomba. Mita 1 ya bomba la nusu inchi hubeba kama desilita 1.4 za maji, hivyo hita iliyo mgongoni mwa shawa inakupa maji ya moto ndani ya sekunde chache badala ya kumwaga ya baridi kila mara. Toboa ukuta, pitisha bomba, na bomba lile lile la moto litoe tawi la sinki.

Kuwa mwangalifu dukani: kuna hita za kukaa juu ya sinki, mabomba yake yakitokea chini, na za kukaa chini ya sinki, mabomba yakitokea juu. Msikubali igeuzwe kichwa chini ili itoshe. Ndani ya ile ya juu ya sinki mna bomba refu linalochota maji ya moto juu na jingine fupi linaloingiza ya baridi chini. Ukiigeuza, maji ya baridi yanaingia juu na kuzama hadi chini, ambako sasa lile bomba refu linachota, unapata lita chache za moto kisha baridi tupu, na elementi inaweza kubaki kwenye hewa ikaungua. Vivyo hivyo hita ya kusimama isilazwe.

Uzito nao usidharauliwe. Tangi lenyewe ni kilo 12 au zaidi kidogo, maji kilo 30, jumla zaidi ya kilo 40 zinazoning'inia mchana na usiku. Ubao wa ukuta peke yake hauwezi. Tafuteni nguzo mbili za fremu ndani ya ukuta, fungeni juu yake kipande cha plaiwudi ya milimita 18 kwa skrubu ndefu, kisha boliti za hita, milimita 8, ziingie pale zinapokutana plaiwudi na nguzo. Kama nguzo hazipatikani mahali panapofaa, tengenezeni kishubaka cha mbao kinachosimama sakafuni kikaibeba.

Mpangilio wa vifaa upande wa maji ya baridi uwe hivi, kwa mfuatano wa maji yanavyokuja: kwanza stopkoki (koki ya kufungia maji), halafu vali ya usalama, halafu hita. Kati ya vali ya usalama na hita pasiwe na koki wala kizuizi chochote. Naikazia hiyo kwa sababu mafundi wengine hupenda kuweka koki hapo ili iwe rahisi kufungua hita siku ya matengenezo. Koki hiyo ikifungwa kwa bahati mbaya na themostati (kidhibiti cha joto) ikakwama, maji yanaendelea kupata moto ndani ya chombo kisicho na pa kupumulia. Hita inayopasuka kwa namna hiyo hupasua na paa.

Hapo ndipo jibu la jirani yako lilipo. Maji yakitoka nyuzi 18 hadi 60 hutanuka kwa asilimia 1.5 hivi. Kwenye lita 30 ni karibu nusu lita. Vali ya usalama hairuhusu maji kurudi nyuma kwenye bomba la baridi, kwa hiyo nusu lita hiyo hutoka kwa matone wakati hita inawaka. Kudondosha wakati wa kupasha ni kazi yake. Ubovu ni ikiwa inadondosha usiku na mchana hata hita ikiwa imezimwa na imepoa: basi kuna uchafu kwenye kiti cha vali, au presha ya maji imezidi. Inua kile kiwiko chake (kijimkono cha kuifungulia) mara moja kwa mwezi, maji yatoke kwa nguvu sekunde mbili tatu, kisha kiachie. Mara nyingi uchafu huondoka. Ikiendelea, badilisha vali. Kamwe usiizibe kwa kijiti au kwa kifuniko. Iungieni bomba dogo linaloteremka moja kwa moja hadi kwenye njia ya maji machafu ya sinki, mwisho wake ukiwa wazi, kusudi sakafu ya mbao isilowe ikaoza kimyakimya.

Kuhusu presha yenu ndogo, vali ya usalama ina springi ndani inayopunguza maji kidogo, na msipofanya chochote mtashuka chini ya lita 4. Kabla ya kukimbilia pampu, badilisheni bomba la kutoka tangini hadi pale maji yanapogawanyika kwenda hita na kwenda baridi, liwe la robo tatu inchi. Upinzani hupungua mara tatu au zaidi kwa badiliko hilo moja. Tumieni koki zenye tufe ndani, za tundu pana, na kichwa cha shawa cha presha ndogo, siyo vile vyenye vitundu kama vya sindano. Mkiona bado hamridhiki, ndipo muweke pampu ndogo ya kuongeza presha, nayo ikae kabla ya mgawanyiko huo. Ikiwekwa kwenye mstari wa baridi peke yake, maji ya baridi yatayazidi nguvu ya moto, na shawa itakuwa inabadilika joto kila mtu akifungua sinki.

Umeme, mwiteni fundi wa umeme na si fundi bomba. Mstari wake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, waya wa milimita za mraba 2.5, breka ya ampea 16, kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampea 30, na swichi inayokata waya zote mbili. Ethi iwe ya kweli, iliyopimwa kwa kifaa, si waya wa kijani uliofungwa kwenye skrubu ukaishia hewani. Msitumie ekstensheni hata kwa wiki moja. Na kwa kuwa breka kuu ni 20, mjue mnachoweza kuwasha pamoja: hita inachukua 6.5, birika la kilowati 2 linachukua 8.7, mmefika 15. Ongeza pasi ya kilowati 1.2 na mmevuka 20. Basi hita ikiwaka, pasi isubiri.

Siku ya kwanza ndiyo siku elementi nyingi hufa. Fundi anamaliza, anataka kuonyesha taa inawaka, anawasha swichi tangi likiwa tupu. Elementi isiyozungukwa na maji huungua kwa muda mfupi sana. Kwanza fungueni stopkoki na bomba la maji ya moto la sinki. Litatema hewa, litakohoa, kisha maji yatoke mfululizo bila kukatika. Kwa mwendo wenu ni dakika 8 hadi 10. Angalieni kila kiungo kwa karatasi kavu, ndipo muwashe.

Joto la themostati liwe 60. Najua itakujia kuishusha hadi 45 kwa ajili ya mtoto, na nakuelewa, lakini bakteria wa lejionela hustawi kati ya nyuzi 20 na 45, na tangi la vuguvugu ni makao yao. Kwa nyuzi 60 hufa. Hatari ya pili ni kweli pia: maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi, na ya mtoto haraka zaidi. Suluhisho ni vali ya kuchanganyia yenye themostati, inayofungwa kwenye njia ya kutoka ya hita kabla ya tawi la sinki, ikawekwa nyuzi 43. Mkiagiza, hakikisheni imeandikwa kwamba inafanya kazi kwa presha ya bari 0.2 au chini yake. Nyingi zinataka zaidi. Mpaka hiyo ipatikane, mtoto aogeshwe kwa ndoo iliyochanganywa: baridi kwanza, moto baadaye, kisha mkono wako.

Swali la kuiacha imewaka kutwa. Si kweli kwamba ni nafuu. Kadiri tangi linavyokaa na joto jingi kwa muda mrefu ndivyo linavyopoteza jingi kupitia ukuta wake, na kulipasha upya hakugharimu zaidi ya kile kilichopotea. Tangi la lita 30 linaloachwa kwenye nyuzi 60 saa 24 linaweza kupoteza kati ya nusu uniti na uniti nzima bila mtu kufungua bomba. Wekeni taima: iwake saa moja na robo kabla ya kuoga, izime. Mkirudi kutoka safari ya zaidi ya wiki moja, iacheni ifike 60 na ikae hapo saa moja, kisha mfungue mabomba maji yaliyolala yatoke kabla ya mtu kuingia bafuni. Mita ya kwanza ya bomba la moto ivisheni sponji ya milimita 13. Chuma tupu kinachotoka kwenye hita kinaendelea kuiba joto hata bomba likiwa limefungwa.

Mara moja kwa mwaka kuna kazi ya nusu siku. Zima umeme kwenye breka, mwaga maji, fungua kile kifuniko cha chini chenye boliti 4 hadi 6, toa elementi pamoja na ile fimbo ya magnesi. Fimbo hiyo huliwa na maji ili tangi lisiliwe. Ikibaki nyembamba chini ya nusu ya unene wake, ibadilisheni. Watu huidharau kwa kuwa hita inaendelea kufanya kazi bila hiyo, hadi siku tangi linapotoboka, na tangi lililotoboka halizibwi. Ukoko mweupe kwenye elementi ni chokaa, loweka kwa siki au asidi ya limau, usiukwangue kwa kisu. Maji yenu yakiwa magumu, yale ambayo sabuni haitoi povu, ukoko utakuja haraka, na dalili yake ni tangi kunguruma kama birika linalokaribia kuchemka na kuchukua muda mrefu kuliko ile saa moja. Wekeni gasketi (mpira wa kuzibia kifuniko) mpya kila mnapofungua, ya zamani huvuja.

Dalili nyingine chache. Breka ya uvujaji ikiruka kila hita inapowashwa, elementi imepasuka na maji yamefika kwenye waya wa ndani. Msiipite breka hiyo, badilisheni elementi. Taa ikiwaka lakini maji yakabaki baridi, elementi imekatika. Taa isipowaka kabisa ilhali umeme upo, huenda kizuizi cha joto la kupita kiasi kimeruka. Kina kitufe kidogo cha kurudisha. Kirudishe mara moja tu, kikiruka tena themostati ndiyo mbovu. Maji ya moto yakinuka kama yai viza, na ya baridi hayanuki, bakteria wa salfa wanashirikiana na ile fimbo ya magnesi: pasheni hadi nyuzi 60 na zaidi, mwageni tangi lote, na harufu ikirudi badilisheni fimbo kwa ya aluminiamu na zinki.

Kama siku moja mtajenga mnara wa juu zaidi au kuweka pampu, na mume wako bado anaitamani gesi, iwe ya nje kabisa kama nilivyosema. Kadiria gramu 125 za gesi kwa shawa ya dakika 8, yaani mtungi wa kilo 6 unaogesha kama mara 48. Viungo vyote vijaribiwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti, na ndani ya nyumba iwepo kengele ya monoksidi ya kaboni karibu na mnapolala hata kama hita iko nje. Moto wa kawaida ni wa bluu. Ukigeuka njano au masizi yakaonekana juu ya hita, izime na isitumike mpaka isafishwe.

Na kumwaga tangi, kwa kuwa utalifanya kila mwaka na kila mtakapohama: zima breka, ngoja maji yapoe, funga stopkoki, fungua bomba la moto la sinki ili hewa iingie, kisha inua kiwiko cha vali ya usalama maji yatokee kwenye bomba lake dogo. Usipofungua lile la moto kwanza, hakitatoka kitu zaidi ya matone, na utadhani tangi limeshakauka. Weka ndoo mbili karibu, kwa sababu lita 30 ni nyingi kuliko zinavyoonekana kwenye lebo.

Mshauri